Darwin: Tumbo la presha na kijia cha mchanga

Unalijua lile tumbo la Jumapili usiku. Hujala kitu kibaya wala hakuna aliyekukosea, lakini ukikumbuka kwamba kesho ni Jumatatu, kodi ya nyumba haijalipwa, na mkubwa wako kazini amesema anataka kuongea nawe asubuhi, kitu kinajikunja ndani. Unaamka kwenda msalani mara tatu. Usingizi unakataa. Ukimwambia mtu, jibu ni moja tu: jikaze.

Basi kuna msee mmoja aliyeishi na tumbo la aina hiyo kwa karibu miaka 40, na jina lake unalijua tangu shuleni. Charles Darwin. Yule mzee mwenye ndevu nyeupe kama pamba kwenye kitabu cha bayolojia. Mambo ya nyani na binadamu tuyaache leo. Ukitaka kubishana na pasta wako kuhusu hayo, hiyo ni juu yako. Mimi nataka umwone Darwin akiwa nyumbani kwake, amejinyoosha kwenye kochi, ametoka kutapika, moyo unamdunda, na bado ana kitabu cha kumaliza.

Alizaliwa Februari 12, 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza. Familia yao ilikuwa na pesa, na hilo tuliseme mapema kwa sababu tutalirudia. Babake, Robert Darwin, alikuwa daktari na mwekezaji mjanja. Mamake, Susannah, alitoka ukoo wa Wedgwood, wale wenye kiwanda cha vyombo vya kauri. Alikufa mwaka 1817, Charles akiwa na miaka minane tu. Uzeeni, alipojaribu kumkumbuka mamake, alipata vitu vitatu tu: kitanda alichofia, gauni jeusi la mahameli, na meza yake ya kushonea. Hebu fikiria, mama mzima amebaki vitu vitatu.

Mwaka 1825, akiwa na miaka 16, alipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kule Scotland akasomee udaktari kama babake na babu yake. Mihadhara ilimchosha, lakini kilichommaliza kabisa ni chumba cha upasuaji. Enzi hizo hakukuwa na nusukaputi. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, akakatwa huku anaona na kusikia kila kitu. Darwin aliingia mara mbili, na mara moja aliyekuwa mezani alikuwa mtoto. Mara zote mbili alitoka mbio kabla kazi haijaisha. Hakurudi tena, na picha hizo zilimfuata kwa miaka mingi. Mwaka 1827 aliacha chuo bila shahada.

Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo hapa nilisoma polepole. Watu wanapenda kukutajia mabwanyenye walioacha chuo wakaenda kuunda kampuni. Darwin hafai kwenye orodha hiyo. Aliacha kwa sababu mwili wake ulikataa, na pia kwa sababu alianza kuhisi kwamba urithi wa mzee ungemtosha. Mpango mwingine hakuwa nao. Tayari babake alikuwa amewahi kumkaripia kwamba ataiaibisha familia nzima, kwamba anachojua ni kupiga ndege risasi, kuzurura na mbwa na kukamata panya.

Lakini Edinburgh hakutoka mikono mitupu. Alikuwa amemlipa mtu mmoja amfundishe kukausha ndege na kuwajaza ili wasioze. Mwalimu huyo aliitwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyetoka utumwani Guyana, Amerika Kusini, akawa huru na kujitafutia riziki kwa kazi hiyo mjini Edinburgh. Walikaa pamoja wakipiga gumzo. Ujuzi huo ndio Darwin alioutumia baadaye kuhifadhi ndege wa visiwa vya Galápagos waliomfanya maarufu. Kwenye kitabu chako cha bayolojia sidhani uliliona jina la Edmonstone.

Babake, baada ya kuona udaktari umekataa, aliamua kijana awe kasisi. Akampeleka Cambridge mwaka 1828. Huko Darwin alipagawa na mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa magumu mgongoni. Siku moja alibandua ganda la mti akakuta wawili wasio wa kawaida, akashika mmoja kila mkono. Akaona wa tatu. Afanye nini? Akamtupa mmoja mdomoni ili mkono uwe huru. Mdudu akamtemea maji makali yaliyomchoma ulimi, akamtema, na yule wa tatu naye akatoroka. Hivyo ndivyo alivyokuwa: kijana mchangamfu, mpenda marafiki na nyama choma. Kama ungekutana naye hungesema huyu atakuja kuogopa wageni.

Mwaka 1831 ikaja nafasi ya kupanda meli ya HMS Beagle kwenda kuzunguka dunia. Babake alikataa, ila akasema kama kuna mtu yeyote mwenye akili timamu atakayeunga mkono wazo hilo, atakubali. Mjomba wake, Josiah Wedgwood, akajibu kila pingamizi la mzee, moja baada ya nyingine. Mzee akalegea. Kama una mjomba wa namna hiyo, mpigie simu leo.

Sasa hapa ndipo presha inapoingia kwenye hadithi. Meli ilikwama bandarini Plymouth kwa wiki nyingi ikingoja hali nzuri ya hewa. Darwin, miaka 22, alianza kusikia moyo ukimdunda na maumivu kifuani. Alikuwa na ujuzi nusu wa udaktari, ule wa kutosha kumtisha, akaamini ana ugonjwa wa moyo. Wewe leo ungeandika dalili kwenye simu saa nane usiku na kuambiwa unakufa. Yeye alinyamaza. Hakwenda kwa daktari kwa kuhofia kuambiwa asisafiri. Desemba 27, 1831 meli ikang'oa nanga, naye akiwa ndani, na karibu miaka mitano iliyofuata alitapika kila bahari ilipochafuka.

Kwa nini walimtaka melini? Sababu moja ilikuwa sayansi. Nyingine ilikuwa upweke. Nahodha Robert FitzRoy alikuwa na miaka 26 tu, na desturi ya jeshi la majini ilimtenga na walio chini yake, hata chakula akala peke yake. Nahodha aliyemtangulia kwenye meli hiyohiyo alikuwa amejitoa uhai mwaka 1828 kule kusini kabisa mwa Amerika, amechoshwa na baridi na dhoruba. Mjomba wa FitzRoy, mwanasiasa mkubwa, naye alikuwa amejitoa uhai mwaka 1822. FitzRoy aliiona hatari hiyo ndani ya damu yake, akatafuta mtu wa kula naye na kuongea naye. Kwa maneno mengine, Darwin alipata safari iliyobadilisha sayansi kwa sababu kijana mwingine aliogopa kukaa peke yake na mawazo yake. Waligombana, ndiyo, mara moja vikali kuhusu utumwa, ambao Darwin aliuchukia. Lakini walifika nyumbani wazima, Oktoba 2, 1836.

Akiwa London aliruka ndani ya kazi kama sisi tunavyofanya tukipata mkataba wa kwanza. Vitabu, mikutano, vyeo vya vyama vya wanasayansi. Na kwa siri, kuanzia Julai 1837, daftari moja alilojazia swali hatari: je, viumbe hubadilika? Miezi michache tu baadaye moyo ulianza tena kudunda. Madaktari wakamwambia aache kazi, aende mashambani akapumzike. Alienda, akarudi, akaendelea kuandika.

Mwaka 1838 alichukua karatasi akagawa pande mbili, kuoa na kutooa. Upande wa kutooa aliandika hasara ya muda, pesa chache za vitabu, na kulazimika kutembelea wakwe. Upande wa kuoa aliandika watoto, na mwenzi wa uzeeni ambaye, kwa hesabu zake, angekuwa afadhali kuliko mbwa. Usicheke sana, angalau aliandika ukweli. Kuoa kukashinda. Januari 29, 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake yuleyule. Huyo mwanamke ndiye aliyembeba miaka yote iliyofuata, na mimi nasema bila yeye tungekuwa na daftari tupu na kaburi la mapema.

Septemba 1842 waliondoka London, mji wa moshi na kelele, wakahamia Down House, nyumba kubwa karibu na kijiji cha Downe, Kent, kama kilomita 25 kutoka mjini. Darwin alikuwa na miaka 33. Aliishi hapo hadi kufa.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipokaa kikao. Kutapika baada ya kula. Gesi tumboni. Kutetemeka, kizunguzungu, ukurutu usoni, majipu, moyo kwenda mbio, siku nyingine kulia tu. Madaktari wa leo bado wanabishana. Kuna wanaosema aling'atwa na mdudu Amerika Kusini akaambukizwa ugonjwa wa Chagas, wengine wanasema tumbo lake halikupatana na maziwa, wengine wanasema ni hofu ya ghafla, ile ambayo mwili unapiga king'ora bila moto. Ila kitu kimoja yeye mwenyewe alikiona waziwazi: mgeni akija kula, gumzo likachangamka, usiku ule atatetemeka na kutapika. Furaha ilimwangusha sawa na huzuni. Kwa hivyo akaanza kukataa mialiko. Ndani ya ofisi yake kulikuwa na kona iliyozibwa kwa pazia, na nyuma ya pazia beseni la kutapikia. Huyo ndiye mtu tunayemwona kwenye kitabu akiwa ametulia kama mtume.

Kulikuwa na siri pia. Tangu 1838 alikuwa na wazo lake kamili, lile la uteuzi wa asili: viumbe huzaa wengi kuliko wanaoweza kuishi, na walio na tofauti ndogo inayowafaa mahali pale ndio wanaobaki na kuzaa. Alijua marafiki, walimu wake wengi waliokuwa makasisi, na hata mkewe aliyekuwa Mkristo wa dhati, wangeumia. Januari 1844 alimnong'onezea rafiki yake, mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, kwenye barua, na alipoandika alijiona kama mtu anayekiri mauaji. Mwaka huo aliandika insha ndefu, akaifunga, na kumwachia Emma barua: nikifa, chukua pauni 400, tafuta mtu aichapishe. Halafu akageukia konokombe wa baharini, wale viumbe wadogo wenye magamba wanaong'ang'ania mawe na matumbo ya meli. Alitumia miaka minane kwao, 1846 hadi 1854. Mmoja wa watoto wake alizoea kazi hiyo hadi akauliza kuhusu baba wa jirani: na yeye huchambulia wapi konokombe zake?

Babake alipokufa Novemba 1848, Darwin alikuwa mgonjwa kiasi kwamba mazishini alifika amechelewa. Mwaka uliofuata alijaribu tiba ya maji ya Dkt James Gully mjini Malvern. Unaamshwa alfajiri, unasuguliwa na taulo lenye maji baridi hadi ngozi inakuwa nyekundu, unafungwa shuka bichi, unatembezwa kilimani. Sukari, siagi na viungo, marufuku. Alipata nafuu. Mimi nadhani nusu ya dawa ilikuwa ni kutembea, kulala mapema na kuwa mbali na meza ya kazi, lakini yeye aliyaamini maji, akajengewa kibanda cha kuogea bustanini na watoto wakawa wanamsikia akiguna humo ndani kwa baridi.

Kitu kingine alichoanza mwaka huo ni kuandika hali yake kila siku. Kuanzia Julai 1849 hadi Januari 1855, kila siku na kila usiku: umelalaje, tumbo likoje, umetetemeka mara ngapi. Siku njema ilipata vistari viwili. Mwisho wa mwezi anahesabu vistari. Leo simu yako ina programu ya kufanya hivyo na hujaifungua tangu Januari.

Halafu Annie. Kati ya watoto kumi wa Darwin, Annie alikuwa kipenzi, binti wa kwanza, yule anayekuja kumtengeneza baba nywele. Mwaka 1851, akiwa na miaka kumi, aliugua. Darwin alimpeleka Malvern kwa Gully, mahali ambapo yeye alipona kidogo. Emma alikuwa na mimba kubwa, hakuweza kusafiri. Kwa siku kadhaa Darwin alikaa kando ya kitanda akimtumia mkewe barua, asubuhi tumaini, jioni hofu. Annie alikufa Aprili 23, 1851. Baba hakungoja mazishi; alikimbia nyumbani kwa Emma. Wiki moja baada ya kifo aliketi akaandika kumbukumbu ya mtoto wake: alivyotembea, alivyokumbatia, alivyoshukuru kwa kila tone la maji akiwa mgonjwa. Maandishi hayo aliyaweka nyumbani. Emma naye alitunza kisanduku cha kuandikia cha Annie chenye vitu vyake vidogo na shungi la nywele.

Sitakuambia alipona. Hakuna mahali anaposema alipona. Alichofanya ni kurudi kwa zile konokombe.

Juni 1858 ilikuja siku ambayo kila mtu mwenye wazo anaiogopa. Barua ilifika kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, kwa kijana asiye na pesa wala jina kubwa, Alfred Russel Wallace. Ndani yake mlikuwa na wazo lilelile. Miaka 20 Darwin amekalia yai, na mtu mwingine amelitaga mbali huko akiugua homa. Wiki hiyohiyo homa ya vipele vyekundu iliingia kijijini na ndani ya nyumba yake. Mtoto wake wa mwisho, Charles Waring, wa mwaka mmoja na nusu, alikufa Juni 28. Darwin alimwachia Hooker na Charles Lyell waamue, hakuwa na nguvu. Wao wakapanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja London Julai 1. Darwin hakuwepo. Alikuwa nyumbani, kwenye matanga.

Baada ya hapo aliandika kama mtu anayekimbizwa, miezi 13 hivi, akitapika katikati ya sura. On the Origin of Species kilitoka Novemba 24, 1859, nakala 1,250, na wauzaji wa vitabu wakazigombania. Mwandishi alikuwa wapi? Amejificha Ilkley, kaskazini mwa Uingereza, kwenye kituo kingine cha maji baridi, uso umevimba kwa ukurutu. Juni 1860 wasomi na askofu walipozozana hadharani Oxford kuhusu kitabu chake, hakuwepo pia. Alikuwa kwa daktari mwingine wa maji. FitzRoy alikuwepo ukumbini, ameinua Biblia juu, akimlaani rafiki yake wa zamani.

Kwa hivyo usije ukasema alishinda woga. Alitafuta watu wa kusimama mahali ambapo yeye angeanguka, kina Hooker na Huxley, akakaa nyumbani akiandika barua. Barua nyingi ajabu. Zinazojulikana leo, alizoandika na alizopokea, ni kama 15,000. Na alijibu hata za wapumbavu.

Ratiba yake ndiyo nataka uitazame vizuri, maana mwanawe Francis aliiandika kwa kina. Anaamka mapema na kutembea kidogo. Saa mbili kasorobo kiamsha kinywa, peke yake. Saa mbili hadi saa tatu na nusu, kazi; huo ndio wakati wake bora. Halafu barua, na kulala kochini akisomewa riwaya kwa sauti. Saa nne na nusu hadi saa sita, kazi tena. Basi. Saa sita mchana anatangaza kwamba kazi ya leo imeisha na anatoka nje na mbwa. Baada ya chakula cha mchana: gazeti, barua, riwaya tena na usingizi, matembezi tena saa kumi. Saa moja zaidi ya kazi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jumlisha. Ni kama saa nne za kazi kwa siku. Wale wanaokuambia mtandaoni uamke saa kumi alfajiri na ulale saa sita usiku wangemfuta Darwin kazi ndani ya wiki moja.

Matembezi yalikuwa kwenye kijia alichokitengeneza nyuma ya bustani, cha changarawe na mchanga, upande mmoja msitu mdogo, upande mwingine mashamba. Walikiita Sandwalk. Alipotaka kutembea mizunguko kadhaa bila kuhesabu kichwani, alipanga mawe machache ya gumegume mwanzoni, na kila mzunguko akapiga teke jiwe moja. Mawe yakiisha, anarudi. Watoto walicheza humohumo. Hakuwafukuza hata ofisini. Mmoja, akiwa na miaka minne hivi, alijaribu kumhonga senti sita aache kazi aje wacheze.

Usiku, yeye na Emma walicheza mchezo wa dadu uitwao backgammon, michezo miwili, kila siku, miaka nenda miaka rudi. Darwin alikuwa na hesabu: kufikia 1876 yeye ameshinda mara 2,795, mkewe 2,490. Kisha Emma anapiga piano. Riwaya alizipenda zenye mwisho mwema, na alitaka kuwe na sheria dhidi ya zinazoisha vibaya. Anapanda kitandani saa nne na nusu, na mara nyingi usingizi haumpati. Hata kwa ratiba hiyo yote, bado hakulala vizuri.

Najua unachotaka kuniambia. Wewe huna urithi. Darwin hakuajiriwa hata siku moja. Alikuwa na wapishi, mtumishi wa kumfunga shuka bichi, na mke aliyemuuguza, akamsomea, akamzalia watoto kumi na kuwazika watatu, huku naye akiwa na huzuni yake isiyoandikiwa vitabu. Wewe una matatu mbili kwenda na mbili kurudi na mkubwa asiyejua maana ya saa sita mchana. Uko sahihi, na sitakudanganya kwamba kijia cha mchanga kinalipa kodi. Lakini angalia kwamba pesa peke yake hazikumtuliza. Pesa zilimnunulia nafasi. Alichoweka ndani ya nafasi hiyo ni vitu vya bei rahisi mno. Mawe matano. Dadu. Kalamu na vistari viwili. Mtu wa kumwandikia. Kupima siku kwa nguvu aliyonayo mwili wake, akaacha kuipima kwa nguvu aliyotamani.

FitzRoy naye alikuwa jasiri kuliko Darwin kwa kila kipimo. Alipanda vyeo, akawa gavana New Zealand, kisha akaanzisha idara ya hali ya hewa ya Uingereza na kutoa utabiri wa kila siku kwenye gazeti mwaka 1861. Ukikosea utabiri, nchi nzima inakucheka asubuhi. Alitumia mali yake kwenye kazi ya umma, akazama kwenye madeni, masikio yakaanza kuziba, na hakupumzika. Aprili 30, 1865 alijitoa uhai. Safari ile ya ujana alijua anahitaji mtu wa kula naye. Kama uko karibu na pale alipofika, acha kusoma, mwite mtu mmoja aje akae nawe leo. Mimi nitakungoja.

Darwin, yule wa kutapika, alifika miaka 73. Uzeeni afya ilitulia kiasi. Alichunguza okidi, mimea inayotambaa, mimea inayokula wadudu, na mwisho nyungunyungu wa ardhini, ambao aliwapigia piano na zumari kubwa ili ajue kama wanasikia. Hawasikii. Kitabu cha nyungunyungu kilitoka Oktoba 1881 na kikauzwa haraka ajabu. Alilalamika jambo moja tu, kwamba kwa kusaga data miaka mingi alikuwa amepoteza ladha ya mashairi na muziki, na lau angeanza upya angejiwekea kusoma shairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki.

Alikufa Down House Aprili 19, 1882, Emma akiwa kando yake. Polly, mbwa wake, akafa siku chache baadaye, wakamzika chini ya mtofaa. Darwin mwenyewe alitarajia kuzikwa kijijini, karibu na wanawe wale wadogo, na seremala wa Downe akamtengenezea jeneza jinsi alivyotaka: mbao kavu, bila rangi wala msasa, kama zilivyotoka kwenye randa. Lakini wakubwa wa London walikuwa wameamua azikwe Westminster Abbey pamoja na wafalme, na huko walitaka jeneza linalong'aa. La seremala likarudishwa karakana.